Mtaalamu wa tiba ya usemi wa pili kaondoka hapa Dodoma, wa tatu tufanyeje akae?

Mzee wa Zabibu:

Wakuu habari za jioni, mnivumilie ni ndefu kidogo.

Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo, nasimamia kitengo cha utengamao (kumrudishia mgonjwa uwezo wake) kwenye hospitali moja hapa Dodoma mjini, jina niliache. Tuko watu wa fizio 4 na tulikuwa na mtaalamu wa tiba ya usemi mmoja, wale wanaoitwa watu wa spichi. Wa kwanza alikaa miezi 11 akaaga, tukakaa karibu mwaka mzima bila mtu, tukampata wa pili, binti mchapakazi kweli kweli, naye mwezi uliopita kaondoka akiwa na miezi 7 tu. Uongozi wamenipa kazi ya kuandika mapendekezo ya kumpata wa tatu ila naona wao wana jibu lao tayari, ongeza laki moja kwenye mshahara tangazo lirudi hewani. Mimi roho yangu inakataa kwamba ni hilo tu, ndo maana nimekuja hapa.

Kwa nini nahangaika. Wodini kuna mzee katoka Mpwapwa, kiharusi, mkono na mguu wa kulia umelegea na maneno hayatoki, leo wiki ya 3 ana mpira wa kulishia puani. Anauguzwa na binti yake. Juzi nimemkuta yule binti kaficha kikombe cha uji ndani ya kanga anasubiri nesi ageuke ampe baba yake, maana mzee analia akiona wa kitanda cha pili anakula. Nesi akaniuliza huyu aanze kula lini, daktari naye akanigeukia mimi. Mimi najua kumkalisha, najua kumsimamisha, koo lake silijui. Tukimpa uji ukapita njia ya hewa tumemtafutia nimonia, tusipompa anazidi kukonda na mpira unamchubua. Mtu pekee aliyekuwa anaweza kukaa naye nusu saa na kijiko na kikombe akasema huyu aanze na hiki, alishapanda treni kwenda Dar.

Halafu Alhamisi ni kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Akina mama wanatoka Bahi, Chamwino mpaka Kongwa huko, wengine wanaamka saa 9 usiku mtoto mgongoni, wakifika tunawaambia wa mambo ya kula na kuongea hayupo.

Tangazo la mwisho tulipata maombi 2, na mmoja hakuwa wa kada hiyo kabisa. Hawa watu mnawapatia wapi? Mnawapa mkataba wa namna gani? Na ninyi wenyewe wa hiyo fani mliowahi kukaa huku, nini kingewafanya mbaki? Naomba ukweli hata kama unauma.

Karani wa Ikama:

Mkuu pole, mimi nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, serikalini kwanza na sasa taasisi binafsi, nianze na swali. Huyo binti alisaini mkataba wa muda gani? Nauliza maana nimeona hospitali nyingi zinawapa hawa vijana miezi 3 au 6 inayorudiwarudiwa wanasema ni mkataba wa mapato ya ndani. Kanuni za ajira za 2017 zinasema mkataba wa muda maalumu kwa mtaalamu usipungue miezi 12. Achana na sheria hata, angalia maisha yake. Mwenye nyumba Dodoma anataka kodi ya miezi 6 au mwaka, benki haimkopeshi mtu wa miezi 6, mwenza wake hawezi kuomba uhamisho kumfuata mtu ambaye mwezi wa 7 hajui atakuwa wapi. Huyo kila akiamka anaangalia matangazo ya kazi na sio kosa lake. Toa miaka 2 ya kuanzia, na andika humo humo kwamba miezi 3 kabla haujaisha mtakaa mezani, msisubiri wiki ya mwisho.

Kuhusu tangazo, naona watu wanaandika awe na uzoefu wa miaka 5. Jamani uzoefu huo unatoka wapi? Digrii ya fani hii Afrika Mashariki ilianzia Makerere 2008, na hapa kwetu MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, ndio wana digrii inayofundisha usikivu na usemi pamoja, kwahiyo sokoni wengi ni vijana wanaotoka chuo juzi tu. Ukidai miaka 5 umejifungia mlango mwenyewe. Na usibandike tangazo ukakaa, nenda chuoni kaongee na idara, waombe walete wanafunzi kwenu wafanye mafunzo kwa vitendo wiki 4 au 6. Mtu aliyekwisha kula ugali wenu na kujua jua la Dodoma likoje hashtuki siku akiletewa barua. Mimi kada zote za nadra nilizowahi kuzijaza ambazo watu walikaa, nilizijaza hivyo, za tangazo la gazetini wengi waliondoka.

Na andika kazi yake ni ipi. Wodi gani, kliniki gani, nani bosi wake, nani hawezi kumtuma. Usiishie kwenye ile sentensi ya "na kazi nyingine atakazopangiwa".

Sauti Ndogo:

Nimesoma hili swali nikashindwa kuendelea na nilichokuwa nafanya. Mimi ni mmoja wa walioondoka Dodoma. Sio hospitali yako kaka, ila hadithi yetu inafanana sana, na hapo kwenye kazi nyingine atakazopangiwa Karani umenigusa penyewe.

Chumba changu kilikuwa stoo ya viti vya magurudumu, na ukuta wa pili ni jenereta. Nilikuwa na mtoto wa miaka 4 kapandikizwa kifaa cha usikivu, unajua Muhimbili walianza kupandikiza 2017 na watoto wa mikoani wanafanyiwa kule halafu wanarudi nyumbani, na kile kifaa kinampa sauti tu, kujua kwamba hii ni "mama" na hii ni "maji" ni kazi ya miezi na miaka ya kukaa naye. Sasa umeme ukikatika jenereta linawaka na yeye ndio kwanza anajifunza kusikia. Tulikuwa tunatoka nje chini ya mwarobaini, na huko nje kuna watu na bodaboda. Nimeomba chumba kingine mara 3 kwa maandishi.

Jingine ni rufaa. Mwezi wa kwanza nilipata wagonjwa 4, wote watoto wasioongea. Wa kiharusi hakuna hata mmoja, na wodi ya wanaume imejaa kiharusi! Siku za mwanzo karibu nusu ya hawa wagonjwa wana shida ya kumeza lakini daktari anajua mimi ni wa kufundisha kuongea, kwahiyo anasema apone kwanza ndio tumpeleke. Siwalaumu, chuoni hakuna aliyewaambia. Ila matokeo yake unaonekana huna kazi, na mtu asiye na kazi hospitali lazima apewe, nikawekwa dirishani kuandika kadi siku 3 kwa wiki. Mwaka wa kwanza ndio mkono unakomaa kwenye kazi uliyosomea, wangu ukawa unakomaa kwenye kalamu.

Lakini kilichonitoa kabisa ni upweke. Sio upweke wa marafiki, Dodoma watu ni wema, ni upweke wa kazi. Kuna bibi wa Kongwa kiharusi, nilimpima nikaruhusu atolewe mpira aanze uji mzito. Nikarudi zangu Ilazo nikashindwa kulala, nawaza kama nimekosea je, kama uji ulikuwa unashuka kwenye njia ya hewa kimyakimya bila kukohoa je. Saa 11 alfajiri niko kwenye bodaboda naenda wodini kusikiliza anavyohema. Nikamkuta kakaa kitandani akanisalimia kwa Kigogo "mbukwa mwanangu". Nililia chooni. Ilikuwa furaha lakini pia nilikuwa nimechoka kubeba uamuzi ule peke yangu, sina wa kumuuliza, maana mkoa mzima nilikuwa namfahamu mwenzangu mmoja tu wa fani hii na yeye yuko na wateja wake. Usiku kama ule nimepitia nyingi.

Na kazi yenyewe nilikuwa naipenda mno. Ule unga wa kuongeza uzito kwenye maji unaouzwa nje huku haupo, nikaanza kujaribu na vya kwetu, uji wa uwele, uji wa mtama, mlenda. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, unaziba chini kwa kidole, unajaza mpaka 10, unaachia sekunde 10 halafu unaziba tena unaangalia kilichobaki. Kikibaki chini ya 1 hiyo ni kama maji, 1 mpaka 4 imeanza uzito kidogo, 4 mpaka 8 ina uzito zaidi, ikizidi 8 hiyo ni nzito kabisa, na isipotoka hata kidogo hiyo ni ya kijiko. Maji ndio yanakimbia haraka kuliko koo lililolegea linavyoweza kujifunga, kitu kizito kinampa muda, ila kikizidi uzito kinabaki kimeng'ang'ania kooni nacho ni hatari. Uji wa yule bibi niliupima hivyo na mkwe wake nikamfundisha, akawa anapika Kongwa na kupima na bomba lake mwenyewe! Mlenda nao nikagundua kila mpishi wa kwake, na ukipoa unabadilika, kwahiyo lazima upime ule ule atakaokula. Nilikuwa na daftari zima la vipimo hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu lile daftari.

Kwahiyo nini kingenifanya nibaki. Ajirini wawili kaka. Najua bajeti, lakini mmeshalipa gharama ya kumpoteza mmoja mara mbili. Kama wawili haiwezekani kabisa basi mtafutieni mlezi wa kazi, mtu wa fani mwenye miaka yake, awe Dar awe popote, mumlipe chochote awe anapigiwa simu kila wiki saa moja, na kila baada ya miezi miwili apande treni aje aone wagonjwa naye. Siku hizi SGR ni saa tatu na nusu tu. Halafu mkae na madaktari na manesi mkubaliane kwamba mgonjwa yeyote wa kiharusi hapewi kitu mdomoni, hata dawa, kabla hajapimwa kumeza. Manesi wanaweza kufundishwa kile kipimo cha awali, wanaoshindwa ndio wanakuja kwake. Hapo kazi itamfuata yenyewe na kila mtu atajua yeye ni nani. Na chumba kimya.

Mshahara wa nilipohamia ulizidi kidogo, kodi ya Dar ikaumeza wote. Kilichonivuta ni kwamba kule tuko watatu.

Bwana wa Makole:

Dada nimekuelewa na pole sana, ila tusiwape waajiri mlango wa kutokea. Ukiwaambia hela sio shida watakupa chumba na cheti cha mfanyakazi bora halafu mshahara ule ule. Hela ni shida. Dar mtu wa spichi jioni na Jumamosi anapata wazazi wanaolipa kwa kila kipindi, huku mnamfunga kwenye mkataba asifanye pengine popote. Dodoma ya leo sio ya zamani, toka serikali ihamie huku watumishi wamejaa Kisasa, Nzuguni, Ilazo, nao wana watoto wenye kigugumizi na watoto waliochelewa kuongea, na wengine wanawasafirisha Dar kwa ajili hiyo. Fungueni kliniki ya Jumamosi hapo hapo hospitalini, wanaoweza walipie, mtaalamu apate asilimia yake iliyoandikwa, na hospitali ipate ya kuwahudumia wa Bahi wasioweza. Mimi ndugu yangu ni daktari wa meno, hicho ndicho kilimfanya abaki mkoani.

Sauti Ndogo:

Bwana wa Makole nakubaliana na wewe, nilikosea kupita haraka hapo. Kliniki ya Jumamosi ingenisaidia sana, niliomba nikaambiwa utaratibu haupo.

Mama J Nzuguni:

Mimi sio mtu wa hospitali ni mzazi tu naomba niseme na mimi. Mwanangu alizaliwa na uwazi kwenye kaakaa, alifanyiwa upasuaji akashonwa vizuri ila maneno yalikuwa yanatokea puani, hata bibi yake alikuwa hamuelewi mpaka mimi nitafsiri. Tukapata mtaalamu kwenye hospitali moja hapa. Wa kwanza alikuwa na kadi za picha za kizungu, mtoto anaoneshwa theluji na mtu wa theluji aseme ni nini, mtoto wa Nzuguni atajua wapi theluji? Akawa anaandikiwa hajui. Aliyefuata alikuja na za kwake kachora kwa mkono, pipa, papai, bata, kibuyu, zabibu, akaniambia hizi sauti za p na b ndio tunazitafuta maana zinataka hewa ijae mdomoni isitoroke puani. Tulikuwa tunaweka kioo chini ya pua, akisema "papa" kioo kikipata ukungu anajua imetoroka anarudia. Mwanangu aliupenda huo mchezo mpaka anataka kumfanyia baba yake. Pia aliniambia nisimkaripie akichanganya r na l maana nyumba nzima tunaongea hivyo, hilo sio ugonjwa.

Siku moja tumeenda kama kawaida tumekuta mlango umefungwa. Hakuna simu hakuna ujumbe, mlinzi ndio anatuambia kaacha kazi. Mtoto alikaa kwenye benchi na kioo chake mkononi. Miezi 5 mbele ndio akaja mwingine na akaanza moja kwa sababu faili lilikuwa na tarehe tu, hakuna kilichoandikwa tumefika wapi.

Kwahiyo baba wa kitengo, pamoja na hayo ya mkataba, mkiwa na mtu mwambieni aandike faili linaloeleweka na akiondoka tupigieni sisi wazazi. Na mtuulize pia. Tungeambiwa dada anataka kuondoka sababu ya chumba tungekuja wazazi wote kwa mganga mkuu, naongea kwa uhakika kabisa, tulikuwa na grupu la WhatsApp la wazazi 23.

Mrangi wa Kondoa:

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa mwisho kwenye fani hiyo hiyo, nyumbani Kondoa. Nasoma hapa nikiwa naogopa na kutamani kwa pamoja. Darasani tukiongea kuhusu kazi wengi wanataka kubaki Dar na sababu kubwa ni hiyo aliyosema dada Sauti Ndogo, tunaogopa kuwa peke yetu kabla hatujajua. Hakuna anayeogopa Dodoma yenyewe.

Kuna jambo sijaliona limesemwa, lugha. Mgonjwa wa kiharusi aliyekulia na Kigogo anaweza kupoteza maneno kwa namna tofauti kwenye Kigogo na kwenye Kiswahili, ukimpima kwa Kiswahili tu unaweza kuandika mzee huyu hana kitu kumbe Kigogo kimebaki. Mimi Kirangi naongea, Kigogo nasikia kidogo, na nina rafiki yangu darasani ni Mgogo wa Mvumi kabisa. Ukitafuta watu wa kukaa tafuta na waliotoka huku, na utafaidi wagonjwa wako pia. Swali langu, tukija wawili mimi na huyo rafiki kwa mafunzo kwa vitendo, mnapokea? Chakula na nauli tutajitegemea, tunachohitaji ni mtu wa kutusimamia anayetambulika na chuo.

Mzee wa Zabibu:

Nimechelewa kurudi nilikuwa wodini. Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mengine nimeyanakili kwenye daftari.

Karani, mkataba ulikuwa wa miezi 6 ukaongezwa mwezi mmoja. Na kadi yule binti wetu naye aliandika, dada Sauti Ndogo. Mimi ndiye niliyemweka dirishani mwezi wa pili, karani wetu alikuwa likizo ya uzazi nikasema atusaidie kwa muda, na muda ukawa ndio huo mpaka anaondoka. Hili nimeliandika kwenye mapendekezo kama lilivyo na jina langu. Mchana nimempigia simu nikamuomba radhi, akasema hana kinyongo, ila akaniuliza kama lile boksi lake la picha bado liko kwenye kabati. Lipo, nimelitafuta nimelikuta chini ya mafaili. Kesho linapanda basi linamfuata.

Nimeomba nafasi 2 za miaka 2. Kama bodi watatoa moja, nimeweka fungu la mlezi wa kazi na nauli ya treni kila miezi miwili, na nimeandika kwamba bila hilo tusitangaze kabisa. Kliniki ya Jumamosi nayo iko humo na asilimia imeandikwa. Chumba nimekiona, kile cha mwisho karibu na maabara ya zamani, kinatunza makopo ya rangi, hakipakani na jenereta wala njia ya wagonjwa. Matroni kakubali manesi 6 wa wodi ya wanaume waanze kufundishwa kipimo cha awali cha kumeza, tatizo wa kuwafundisha.

Mrangi, njooni wote wawili. Nitumie jina la mratibu wenu kwa meseji ya pembeni, ila msije kabla sijapata msimamizi wa fani yenu, sitaki mje mkae na mimi wa fizio mnaangaliana.

Mama J, hilo grupu la wazazi kama bado lipo naomba uniunge.

Dada Sauti Ndogo nina ombi, na ukikataa nitaelewa kabisa. Yule mzee wa Mpwapwa bado ana mpira, na mapafu yake daktari anasema leo yako safi. Kesho saa 3 asubuhi daktari na nesi watakuwepo. Nikikupigia kwa video ukamuona kabla hatujamgusa, utaweza? Hospitali italipia muda wako, nimeshaongea na mhasibu.

Sauti Ndogo:

Saa 3 sawa kaka. Kwa simu sitamruhusu kula, ila nikimuona nitajua kama ni wa kusubiri mtu aje, na Ijumaa jioni naweza kupanda treni kama mganga mkuu ataniandikia barua. Asubuhi asafishwe kinywa vizuri kwanza, mswaki na ulimi wote, akae wima kabisa miguu ikiwezekana iguse chini, na asiwe kalala usingizi. Muwe na kijiko kidogo cha chai na bomba la mililita 10.

Na yule binti yake awepo. Mwambieni aje na uji wake ule ule anaoupika, asifiche.